Wanangu Wamegombana kwa Vichujio vya Sauti

Jumatatu, 3 Machi

Wanangu wamegawana chumba cha kazi. Wametundika shuka katikati. Shuka langu! Lile la maua ya zambarau, la wageni. Upande wa dirisha ni wa Mkubwa, na spika zake zilizopasuka na harufu ya waya zilizoungua. Upande wa mlango ni wa Mdogo, na kompyuta yake na kipaza sauti chake. Mkubwa anatengeneza vyombo na kuvikodisha kwa watu wa harusi, Mdogo anarekodi waimbaji. Ukuta mzima wamebandika trei za mayai ili sauti isirudi. Mayai ya trei hizo tumeyala sisi. Asubuhi mayai, mchana mayai, mpaka nikaanza kuwatazama kuku kwa huruma. Yote hayo ili wanangu wafanye kazi pamoja. Na leo hawasemezani!

Ugomvi wenyewe hata kuuandika naona aibu. Mdogo kanunua kisanduku, kinaenea kiganjani. Ananieleza kwamba wimbo ukiwa ndani ya kompyuta si wimbo, ni tarakimu tupu, na kisanduku ndicho kinachozigeuza tarakimu ziwe sauti. Sawa. Ndani yake mna vichujio. Unabonyeza, kichujio kinabadilika, na Mdogo anasema sauti nayo inabadilika. Kimoja kikali, kimoja laini, kimoja kama mwimbaji kapiga hatua mbele. Mkubwa anasema ni upuuzi mtupu. Eti vichujio vyote vinafanya kazi yao juu kabisa, ambako sikio la mtu halifiki, labda la popo.

Wangebishana tu ningewaacha. Wamebishana tangu Mdogo ana meno mawili. Lakini juzi Jumamosi Mkubwa alimwambia mwenzake, mbele ya mteja, bwana harusi mzima kasimama pale, kwamba anasikia vitu visivyokuwepo kama mtu mwenye homa. Bwana harusi akacheka. Mdogo hakucheka.

Leo asubuhi kasema anahama. Yeye, mkewe na mtoto. Mtoto wangu! Yaani mtoto wao. Mjukuu wangu.

Nimeamua kuandika kila kitu humu. Shule sikwenda hata siku moja. Herufi nilizidokoa mezani wanangu walipokuwa wakifanya kazi zao za shule, kama mtu anavyodokoa nyama chunguni. Nikikosea, hakuna mwalimu wa kulaumiwa. Na daftari lina uzuri wake. Halinikatizi.

Jumanne, 4 Machi

Mkwe kapiga simu. Mkwe ni mama mzazi wa mkamwana wangu, mke wa Mdogo. Anakaa mji mwingine, mbali, basi linakula siku nzima. Kwenye simu ana sauti tamu mpaka unataka kunawa mikono. Kasema redio ya huko inamtaka Mdogo. Kasema chumba kipo, kina marumaru. Kasema keshanunua kitanda cha mtoto!

Nikamwambia mtoto huyu halali kitandani, analala mgongoni kwangu. Akanijibu taratibu kwamba migongo nayo huzeeka.

Mgongo wangu! Mgongo uliobeba magunia, maji, wanangu wawili, na mume wangu siku aliyovunjika mguu! Nilikata simu. Kisha nikampigia tena nimwambie kwamba sikukata, mtandao ndio uliokata. Adabu ni adabu.

Huyo mtoto namwita Kidonge, kwa sababu ni mviringo na anamezeka. Anajua maneno machache, na moja ni "bibi." Mkamwana anasema si bibi, anataka bisi. Mkamwana ni msichana mwema sana ila masikio yake si mazuri.

Kidonge hatoki nyumba hii. Nimeshaamua. Na nina mpango, mwepesi kama kukunja leso. Nitamwambia Mkubwa kwamba Mdogo kaomba radhi kupitia kwangu. Nitamwambia Mdogo kwamba Mkubwa kaomba radhi kupitia kwangu. Kila mmoja atalainika. Watakutana kwenye shuka, watakumbatiana, shuka litarudi kabatini. Si uongo. Ni kutangulia tu kusema ambacho wangesema wenyewe kama wangekuwa na akili.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango ulikwenda vizuri mpaka walipokutana.

Niliwapelekea habari zangu jana, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na chai yake. Mkubwa akakohoa, akasema vyema, yeye si mtu wa kinyongo. Mdogo macho yakamlainika. Nikaenda jikoni nikicheka peke yangu.

Leo wakasogea kwenye shuka kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa nafagia papo hapo, sehemu ambayo nilikuwa nimeshaifagia. Mkubwa akapandisha kifua kama mwenyekiti wa mkutano, akatangaza kwamba yameisha, kamsamehe mdogo wake. Mdogo akauliza nani kamsamehe nani. Mkubwa akasema, si wewe uliyeomba? Mdogo akasema, mimi? Wewe ndiye uliyeomba! Kwa nani? Kwa mama! Hata mimi, kwa mama!

Nikakumbuka kwamba sufuria zilihitaji kusuguliwa.

Sasa wanasema kupitia kwangu. Wamesimama chumba kimoja, shuka katikati, na Mkubwa ananiambia nimwambie mwanangu apunguze kelele. Mdogo ananiambia nimwambie mwanangu mwingine kwamba hizi si kelele, ni kwaya. Mimi katikati na ufagio. Nilipochoka nikawa napeleka ujumbe wa kwangu. Nilimwambia Mkubwa kwamba Mdogo anasema anyoe ndevu.

Lakini kuna kheri! Katika kufoka kwao wamekubaliana jambo moja. Mkubwa kasema kama mtu anasikia kweli, basi asikie bila kuona. Jumapili watafunika kile kisanduku, atakaa mtu wa kubadilisha vichujio kwa siri, na Mdogo aseme kipi ni kipi. Akipatia, Mkubwa atamwomba radhi mbele ya watu, na Mdogo atafikiria kubaki. Akikosea, anafunga mizigo kimya kimya.

Kwa hiyo Mdogo lazima apatie. Basi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwomba Mdogo anionjeshe hivyo vichujio. Kanivisha vile vya kuziba masikio, vikubwa kama maandazi. Akacheza wimbo wa kwaya, akabonyeza, akauliza, hiki je, mama? Akabonyeza tena. Na hiki? Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama akiwa mdogo akileta mchoro wa ng'ombe.

Nikamwambia tofauti ni kama mbingu na ardhi.

Sikusikia kitu. Kwaya ile ile, yule mwanamke wa sauti ya juu yule yule, anapiga kelele zile zile. Kama mimi, niliyewasikia hawa watoto wakipumua vibaya wakiwa chumba cha pili, sisikii tofauti, Mdogo ataisikia wapi? Jumapili atashindwa. Jumatatu atakuwa kwenye basi. Jumanne Kidonge atakuwa kwenye kitanda cha Mkwe.

Nikaenda kwa Mkubwa, nikajifanya nampelekea maji. Yeye ukimgusa kwenye kazi yake haachi kusema. Hajaoa kwa sababu hajapata mwanamke anayetaka kusikia habari za amplifaya chakula kikipoa. Kaniambia kinachomtia hasira ni wauza vyombo. Eti ukimchezea mtu wimbo mmoja mara mbili, mara ya pili ukaongeza sauti kidogo sana, unywele tu, hatajua kwamba umeongeza. Ataapa kwamba ya pili ni tamu zaidi, safi zaidi, mwimbaji kasogea mbele. Sikio linadanganyika hivyo, la kila mtu. Ndiyo maana Jumapili sauti lazima iwe sawasawa kwa vichujio vyote.

Nikamwambia ni kweli, lazima iwe sawasawa. Nikambusu kwenye kipara. Akashangaa.

Ahsante, mwanangu. Mama yako kapata mpango.

Jumamosi, 8 Machi

Wamenichagua mimi kuwa mbonyezaji! Sikuomba hata. Niliuliza tu mara kadhaa nani atafanya. Mkubwa kasema mama anafaa kwa sababu haelewi anachokibonyeza. Mdogo kasema ndiyo, na hawezi kusoma maneno ya kigeni. Ni jambo la pili walilokubaliana tangu wiki ianze, na ni tusi. Nimelipokea.

Mdogo kanionyesha. Kisanduku kina uso mbele. Katikati kioo kidogo chenye maandishi ya mwanga. Kulia kwa kioo kitufe cha vichujio. Kushoto kwa kioo kitufe kingine, nisikiguse. Pembeni kirungu cha kuzungusha cha kuongeza na kupunguza sauti, nacho nisikiguse kabisa kabisa. Kioo watakibandika karatasi ili hata mimi nisione kitu. Vimechaguliwa vichujio viwili tu, kile kikali na kile laini, na kila nikibonyeza vinapokezana.

Kumbukumbu ya ukweli itakuwa maharage. Wazo langu! Nikiweka kikali, naweka harage jekundu kwenye trei ya mayai. Nikiweka laini, naweka jeupe. Kwa mpangilio, tundu kwa tundu. Mkubwa kasema ni njia safi kuliko karatasi. Nimevimba kichwa.

Na nimedai Mkubwa naye aandike majibu yake. Haki ni haki, nimewazaa wote wawili. Akacheka akasema ataandika kwa kurusha sarafu.

Mpango ni huu. Kila nikiweka jekundu, nitasukuma kirungu kidogo juu. Unywele. Kila nikiweka jeupe, nitakirudisha. Mdogo atasikia tofauti. Atapatia. Ataombwa radhi. Atabaki. Kidonge atalala mgongoni.

Jumapili, 9 Machi

Walikuja majirani wachache. Fundi cherehani wa mlango wa pili, mzee wa kwaya na mkewe, na yule bwana harusi wa siku ile, ambaye Mkubwa alimwalika mwenyewe. Viti havikutosha, watu wakakaa juu ya spika. Waliniweka nyuma ya meza, kisanduku kimewaelekea wao, mgongo wake umenielekea mimi. Nikafunikwa kanga mimi na kisanduku pamoja, nimebaki kichwa na trei ya maharage mapajani. Mikono kazini chini ya kanga. Fundi cherehani akasema nafanana na mtu anayenyolewa.

Nikaanza. Kikali walikwisha kukiweka wenyewe, nasukuma kirungu unywele, natangaza "tayari!", naweka harage jekundu. Nabonyeza, narudisha kirungu, "tayari!", jeupe. Mara nyingine sibonyezi, naweka jekundu mara mbili kuwachanganya. Mdogo kafumba macho, kainamisha kichwa. Anaandika. Mkubwa kakunja nne, anaandika huku anapiga mluzi. Baadaye akaacha mluzi. Baadaye akavuta kiti mbele.

Tulipofika mwisho nikatoka chini ya kanga nimelowa jasho. Mzee wa kwaya akasoma majibu, mkewe akatazama maharage.

Mdogo kapata yote! Yote! Nikapiga kigelegele mpaka Kidonge akaamka.

Kisha wakasoma ya Mkubwa. Mkubwa naye kapata yote.

Watu wakaguna. Mkubwa kabaki na kalamu mkononi. Uso umemshuka, sijawahi kumwona hivyo tangu baba yake azikwe. Miaka yote hiyo kawaambia watu hakuna kitu, na leo kakisikia kwa masikio yake. Akasimama mbele ya wote, akasema samahani kuhusu vichujio. Akaisema kama mtu anayemeza dawa bila maji. Kisha akapita nyuma ya shuka.

Mimi nikangoja wakumbatiane. Nikangoja. Mdogo wala hakumfuata. Alikuwa anapokea mikono ya watu, bwana harusi anampigapiga mabegani, anamwambia masikio kama hayo yamezidi chumba cha trei za mayai, yanataka redio. Na Mdogo akatoa simu. Akampigia Mkwe! Nimemsikia kwa masikio yangu haya akimwambia kwamba amekubali kazi, wamtarajie wiki hii.

Nilimsaidia ashinde ili abaki. Kashinda, sasa ndiyo anaondoka kabisa!

Jumatatu, 10 Machi

Mkwe kapiga simu mapema kunipongeza kwa kuzaa mtoto mwenye masikio. Kaniuliza Kidonge anapenda shuka la rangi gani. Nikasema hapendi mashuka. Mtandao ukakata tena.

Mkubwa hafanyi kazi. Amplifaya ya watu imefunguliwa tumbo na yeye kakaa anaitazama. Nimempelekea chai, kaniuliza kama mtu anaweza kukosea kitu maisha yake yote na asijue. Nikasema hapana. Nikasema ndiyo. Nikasema anywe chai.

Mkamwana anakunja nguo za mtoto na kuzifunua na kuzikunja tena. Nimemuuliza kama anafurahi kwenda kwa mama yake. Kasema kila mtu anampongeza lakini hakuna aliyemuuliza. Nikasema basi nimekuuliza. Akasema mama yake humchagulia hata rangi ya mapazia. Kisha akasema tusiyazungumze, mumewe ameaibishwa hapa na hawezi kumzuia.

Huyu msichana nilisema masikio yake si mazuri. Moyo wake basi ni wa dhahabu.

Nafikiria kuficha viatu vya Mdogo. Nimeshaficha kimoja. Kakipata.

Jumanne, 11 Machi

Nimekamatwa.

Mkamwana alikuwa anafunga vyombo vya mumewe. Akatoa ile karatasi kwenye kioo cha kisanduku. Kioo kikawa kimefifia, karibu kiza, kama taa inayokata roho. Akamwita Mdogo. Mdogo akainama, akakinga kwa kiganja asome. Kichujio kikali. Akasema ni sawa, mama alimalizia na kikali. Mkamwana akatazama trei, haijaguswa tangu Jumapili. Harage la mwisho ni jeupe.

Hapo Mkubwa akachungulia kutoka nyuma ya shuka. Hakutaka kuchungulia, ila mtu wa vyombo akisikia kioo kimefifia hawezi kukaa. Akauliza, bila kupitia kwangu, nani kakipunguza mwanga. Mdogo akamjibu, bila kupitia kwangu, hakuna, labda kitufe cha kushoto. Wakatazamana. Wakatazama meza. Wakatazama mahali nilipokuwa nimekaa, nyuma ya kisanduku.

Kulia kwangu, ukikaa nyuma, ni kushoto kwake!

Basi mimi Jumapili nzima nilikuwa nawasha na kupunguza mwanga wa kioo kilichobandikwa karatasi. Kichujio hakikubadilika hata mara moja! Kile kile tangu mwanzo mpaka mwisho!

Mdogo akasema haiwezekani, mbona alisikia tofauti. Mkubwa akasema hata yeye alisikia. Kisha Mkubwa akageuza kichwa taratibu, akaita, "Mama. Kirungu cha sauti ulikigusa?"

Nikasema ninahisi kizunguzungu. Mkubwa akasema mama yako kakigusa. Mdogo akasema mama yetu. Mkubwa akasema, ndiyo, mama yetu, ndiye nilimweleza mwenyewe Ijumaa, akanibusu! Mdogo akasema hata mimi nilishangaa, kaniambia anasikia mbingu na ardhi!

Wakanijia jikoni wote wawili, bega kwa bega. Nimegombezwa katika maisha yangu, lakini sijagombezwa namna hii. Mmoja akiishiwa pumzi mwenzake anapokea. Nimewaaibisha mbele ya mzee wa kwaya! Nimeharibu jaribio! Mkubwa kakosa usingizi! Mdogo kajibu redio! Wakawa wanapigiana mikono hewani, ndiyo kaka, hebu mwambie kaka.

Mimi nimeinamisha kichwa, machozi yananitoka. Wao walidhani ni ya majuto. Kaka! Kamwita kaka!

Jumatano, 12 Machi

Wamerudia jaribio leo, wao wenyewe. Mimi nimekatazwa kuingia. Nimekaa mlangoni na Kidonge, mkono wa mkamwana umenishika gauni.

Kazi ile haifanyiki na mtu mmoja. Mmoja lazima ashike kipimo na kuhakikisha sauti iko sawasawa kwa kila kichujio, mwingine abonyeze, kisha wabadilishane. Shuka likawa linawazuia kupitisha waya. Mkubwa akalisogeza. Linarudi. Mdogo akalisogeza. Linarudi. Mwisho Mkubwa akaling'oa, akalitupa mlangoni, likaniangukia kichwani.

Wakafumba macho kwa zamu. Wakaandika. Mdogo kakosea kama mtu anayebahatisha. Mkubwa vilevile. Wakarudia na nyimbo nyingine, na ngoma, na sauti ya mtu peke yake. Hakuna kitu. Mdogo akakaa chini. Akasema polepole kwamba basi alikuwa anajisikilizisha. Nilitaka kuingia nimshike kichwa. Mkamwana hakuniachia.

Kisha mkamwana huyo huyo akasema, kwa upole, kutoka mlangoni, kwamba hiki cha sasa kimefifia juu. Matoazi yamekuwa kama yamefunikwa kitambaa.

Wakageuka. Mkubwa akamwambia shemeji, hebu njoo. Wakamkalisha, wakamfunga macho kwa leso, na sauti ile ile kwenye kipimo. Kila kikija kile kichujio laini anakijua. Kila mara! Vile vingine vyote anasema ni sawa tu. Lakini hicho kimoja, anakikamata kama mtu anayemkamata mtoto na sukari.

Mkubwa kacheka mpaka kakaa chini karibu na mdogo wake. Kasema ndiyo, kichujio kile huanza kukata mapema, kinapunguza sauti za juu kabisa. Ziko ndani ya sikio la mtu, ila sikio la kijana. Sisi, bwana mdogo, yetu yamekwisha kuliwa na spika za harusi. Mdogo kasema kwa hiyo tofauti ipo. Mkubwa kasema ipo, kwa kichujio kimoja, kwa mkeo, siyo kwako. Mdogo kasema na siyo kwako. Mkubwa kakubali, siyo kwangu.

Wakakaa chini ya trei za mayai. Halafu Mkubwa kasema jambo ambalo sikulitarajia. Kasema vichujio ni vichujio, lakini siku ile mbele ya bwana harusi alimfanya mdogo wake kichekesho, na hilo halihitaji kipimo. Anaomba radhi. Safari hii hakumeza dawa. Mdogo kachezea waya kwa muda mrefu. Kasema hata asingesikia vichujio hivyo milele asingejali, yeye kicheko kile ndicho kilichomfungisha mizigo.

Kisha kamgeukia mkewe, leso bado machoni, kamuuliza anataka kuishi wapi.

Mkamwana kasema hapa. Kasema haraka, kabla swali halijaisha.

Nimeingia. Walisahau kwamba nimekatazwa. Nimewakumbatia wote kwa mkupuo, waya zikaniingia miguuni, kipimo kikaanguka. Mdogo kapiga simu redioni kuwashukuru na kukataa. Kuanzia sasa kila wimbo wanaorekodi utapita kwenye masikio ya mkamwana kabla haujatoka, na jina lake litaandikwa. Yule niliyesema masikio yake si mazuri! Nasema daima kwamba ana masikio mazuri.

Wamenishurutisha niape. Nisipange tena mipango, nisiguse tena kitufe, nisipeleke tena ujumbe wa mtu. Nimeapa kwa mkono juu. Ni kweli, nimekoma. Ingawa kusema haki, nani kawapatanisha? Tusingefika huku bila kirungu.

Jumapili, 16 Machi

Mkwe kafika! Hakuweza kungoja, kaja mwenyewe na begi kubwa, atakaa mwezi mzima. Nimempokea vizuri kabisa. Nimempa shuka la maua. Ni mtu mzuri ukimwona ana kwa ana, ila anazungumza sana na ananikatiza.

Jioni tumekaa barazani, katikati yetu Kidonge. Mkwe kasema kwa ile sauti yake kwamba mtoto amemzoea ajabu, kwa siku moja tu, damu haipotei. Nikasema damu ya nani? Akasema haya mambo yanaonekana, mtoto mwenyewe ndiye anajua anampenda nani zaidi. Nikasema anajua sana. Akasema basi tumwachie aseme mwenyewe. Nikasema basi.

Tumepatana kesho asubuhi, chai ikishanywewa. Mtoto atawekwa mwisho wa ukumbi. Sisi tutakaa mwisho mwingine, kila mtu kwenye kona yake, umbali sawasawa. Mimi ndiye niliyedai tupime kwa kamba, maana kitu kama hiki bila kipimo ni upuuzi. Hakuna kuita, hakuna kupunga mkono, hakuna kutabasamu kupita kiasi. Wanangu wamesema hawataki kusikia. Mkamwana atamwachia mtoto, maana hana upande.

Kiapo sijakivunja. Niliapa kuhusu vitufe na ujumbe. Hiki ni kipande cha ndizi iliyoiva, nacho kitakaa mfukoni mwangu, mfuko wa upande wa mtoto. Sitakigusa. Kitanukia chenyewe.

Nina furaha mpaka sisikii njaa. Kesho nashinda, tena kwa haki.

Kitu kimoja tu sikielewi. Mkwe kaja na magauni ya kwenda kutembea, yote ya kupendeza, hayana mfuko hata mmoja. Sasa hivi kaniomba nimwazime aproni.